Baada ya Kombe la Mtwara

Maftaha aliamka siku ya Jumapili akiwa amechoka kuliko alivyokuwa alipojilaza. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa ya makuti ya mtaa wa Mtanda, na shangazi yake, Bi Mwahija, alikuwa amekwisha kufagia ua na kukanda unga wa maandazi. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na beseni mikononi.

"Unaamka, au nikumwagie humo humo kitandani?"

"Naamka, shangazi."

"Neno hilo umelisema tangu jua halijachomoza."

Maftaha alijiinua kwa viwiko. Goti la kulia lilikuwa limevimba, ukucha wa kidole gumba cha mguu umegeuka mweusi, na mabega yalimuuma kana kwamba alikuwa ametwanga mpunga wa harusi nzima. Akatelemsha miguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya moto, yametiwa chumvi, naye akafumba macho kwa raha iliyochanganyika na maumivu.

Jana yake, kwenye uwanja wa mchanga kule Mtwara, timu ya netiboli ya chuo cha walimu wanawake cha Lindi ilikuwa imetwaa kombe la jimbo. Mechi kumi na moja tangu mwezi wa nne, na hawakushindwa hata moja. Walianzia Mingoyo, kwenye uwanja uliokuwa bado na visiki. Nachingwea walicheza na wake wa makarani wa reli, wanawake wa mabega mapana walioingia uwanjani wakicheka na kutoka wameinamisha vichwa. Masasi walicheza mvuani. Kila mahali walikwenda nyuma ya lori la kukodi, vumbi likiwaganda kwenye kope, na wakati wa kurudi kila mmoja alikuwa na daftari mapajani, kwa sababu mtihani wa mwisho ulikuwa unawasubiri. Martina, aliyecheza katikati, alishikwa na malaria mara mbili na mara zote mbili akacheza na homa yake. Veronika, nahodha wao, alipoteza jino la mbele. Naye Maftaha, mfungaji, alifika mahali akawa anaiona ile pete ya chuma ya goli hata akifumba macho kuomba dua.

Alhamisi walimaliza mtihani. Jumamosi wakashinda kumi na nane kwa kumi na saba. Hakuna aliyeruka kwa furaha. Filimbi ilipolia, wasichana saba waliketi mchangani pale pale walipokuwa, wakatazamana, na Veronika akasema, "Jamani, nani atanibeba mpaka kwenye lori?"

"Umekonda," Bi Mwahija alisema sasa, akimtazama mpwa wake kutoka juu hadi chini. "Baba yako atasema sikulishi."

"Baba hatajua."

Bi Mwahija akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Baba yako yuko njiani, Maftaha. Anafika leo."

"Leo?"

"Salamu zilifika Alhamisi na mfanyabiashara mmoja wa Kivinje. Alisema angepanda lori la jana. Usiku watakuwa wamelala Mbwemkuru."

"Na wewe unaniambia leo!"

"Ningekuambia Alhamisi ungefunga magoli mangapi?"

Maftaha alitazama miguu yake ndani ya maji. Miaka miwili iliyopita baba yake, Mzee Fakihi, alikubali kwa shida sana atoke Kilwa Kivinje kwenda kusoma ualimu Lindi, tena kwa sharti la kuwa chini ya jicho la shangazi yake. Habari ya netiboli hakuandikiwa. Aliipata mwenyewe sokoni, kutoka kwa watu waliokuwa wamemwona binti yake Mingoyo akikimbia na gauni la magotini mbele ya umati. Barua aliyotuma wakati ule ilikuwa na mistari mitatu tu, na Bi Mwahija aliichoma kwenye jiko kabla Maftaha hajamaliza kuisoma.

Lakini kisha, tangu mwezi wa nane, Mzee Fakihi alinyamaza. Hakuandika tena habari ya mchezo. Maftaha alidhani amezoea.

*

Mzee Fakihi alifika saa tano na nusu, kofia imejaa vumbi, fimbo mkono mmoja na kapu la ukindu mkono wa pili. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyesema polepole. Akaketi kwenye kiti cha kamba barazani, akakubali maji, akayanywa yote bila kushusha kata.

"Shikamoo, baba," Maftaha alisema, amepiga magoti kwa tabu.

"Marahaba, mwanangu. Goti limefanya nini?"

"Nilianguka, baba."

"Mchezoni?"

"Mchezoni."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Nimeambiwa njiani kwamba mmeshinda."

"Tumeshinda, baba."

"Alhamdulillahi. Basi imekwisha."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa kazi ndefu, naye Maftaha alishikwa na hofu zaidi kwa sababu hiyo.

"Nini kimekwisha, baba?"

"Huo mchezo. Nilisema nitangoja mpaka mwisho wake, nimengoja. Leo utafunga vitu vyako, kesho alfajiri tunarudi Kivinje. Utakaa na mama yako mpaka siku ya nikahi."

"Nikahi ya nani?"

Mzee Fakihi akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akamgeukia dada yake, ambaye naye alikuwa ameduwaa mlangoni na sahani ya maandazi.

"Kwani Tawakali hajamwambia?"

Jina hilo, likitoka kinywani mwa baba yake, lilimfanya Maftaha akae chini kabisa sakafuni.

Tawakali alikuwa dereva wa lile lori la timu. Mtu wa Rutamba, mtoto wa wakulima wa mikorosho, Mmwera wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye mikono iliyonuka oili hata baada ya kuoga. Siku ya kwanza kule Mingoyo alimletea Maftaha maji kwenye kikombe cha bati, akamwambia, "Ukiilenga ile pete unakuwa kama mtu aliyeitwa jina lake." Hakusema zaidi. Tangu hapo, safari baada ya safari, alikuwa akikigeuza kidogo kioo cha pembeni cha lori, na wenzake Maftaha walimpa yeye nafasi ya kukaa upande ule bila kugombana. Walikuwa hawajawahi kukaa wawili peke yao zaidi ya muda wa kubadilisha gurudumu. Lakini kulikuwa na magurudumu mengi yaliyopasuka kati ya Lindi na Masasi, na katika kuyabadilisha walikuwa wamekwisha kuambiana yote.

Au Maftaha alidhani hivyo.

Mwezi wa sita Tawakali alimtuma mjomba wake, Mzee Bakary, kupeleka posa Kivinje. Ilikataliwa kabla kahawa haijapoa. Hilo Maftaha alilijua, alilia, akaendelea kucheza. Kilichofuata ndicho ambacho hakukijua.

"Alikuja mwenyewe mwezi wa saba," Mzee Fakihi alisema. "Akaja tena mwezi wa nane, mara mbili. Nilimwambia, wewe ni mtu wa bara, kazi yako barabarani, leo Masasi kesho Tunduru, binti yangu atakaa na nani? Akasema niseme ninachotaka. Nikasema: aache kucheza mbele za watu. Asiende kufundisha huko watakakompeleka, akae kwetu. Na akiolewa, muishi Kivinje. Akakubali yote. Akaomba jambo moja tu, nisikuite mpaka mashindano yaishe. Nikampa."

"Alikubali?" Maftaha aliuliza. "Nisifundishe?"

"Alikubali. Nilimpa mkono hapo hapo."

Miezi miwili, Maftaha aliwaza. Nachingwea, Masasi, Mtwara. Miezi miwili mtu yule alikuwa amesimama pembeni ya uwanja, ameegemea mlango wa lori lake, akimtazama kwa macho yale ya upole, huku akijua.

"Hodi," sauti ikasema uani.

*

Alikuwa Tawakali, ameshika mfuko wa nguo ambao Maftaha aliusahau kwenye lori. Shati lake lilikuwa safi lakini macho yalikuwa mekundu. Baada ya kuwashusha wasichana jana jioni alikuwa amekwenda kupakua magunia, akaegesha, akalala kidogo kwenye kiti cha lori, akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, baba. Tumekutaja sasa hivi."

Tawakali akamtazama Maftaha aliyeketi sakafuni, na akaelewa kwamba alikuwa amechelewa.

Bi Mwahija ndiye aliyeokoa hali. "Kaka, adhuhuri inakaribia na una vumbi la siku mbili. Maji ya kuoga tayari, na baada ya hapo msikiti uko pale. Hawa nitawaweka uani, mlango wazi, na mimi niko jikoni na masikio yangu."

Mzee Fakihi alisita, kisha akainuka akiegemea fimbo. Uchovu wa njia ulikuwa umemshinda.

Uani kulikuwa na kinu kilichopinduliwa na kipande cha mkeka. Maftaha alikaa juu ya kinu kwa sababu goti halikukunjika vizuri. Tawakali alibaki amesimama, mfuko bado mkononi.

"Keti," Maftaha alisema.

"Nitasimama."

"Keti, Tawakali. Nimechoka, sina nguvu ya kuinua shingo."

Akaketi kwenye mkeka. Kwa muda walisikia tu maji yakimwagika bafuni.

"Nilitaka kukuambia jana njiani," Tawakali alianza. "Mlipofika Mingoyo wote mlikuwa mmelala. Nilikuona kwenye kioo, umeegemea bega la Veronika, mdomo wazi. Nikasema acha alale."

"Na mwezi wa saba nilikuwa nimelala?"

"Hapana."

"Na mwezi wa nane?"

"Maftaha, ningekuambia ungeacha kucheza."

"Kila mtu ananificha jambo ili nicheze!" alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Kule jikoni sufuria likanyamaza. Akashusha sauti. "Shangazi amenificha. Baba amengoja. Wewe umenitazama. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nacheza. Ninyi wote mlikuwa mnajua inaishaje."

Tawakali aliinamisha kichwa. "Nilifika kwenu mara tatu. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, tajiri mwenye lori akatishia kunifukuza kazi. Mara ya kwanza baba yako hakunikaribisha ndani. Mara ya tatu alinipa mkeka nikae. Nilikuwa nimechoka, Maftaha. Niliona mlango umefunguka kidogo, nikaingia. Sikuuliza sana bei yake."

"Kwa sababu bei hukuwa unailipa wewe."

Nzi alitua kwenye mkono wa Tawakali, hakumfukuza.

"Bei ya Kivinje nami ningeilipa," alisema baadaye, taratibu. "Nimekubali kuhama kwetu. Mama yangu ni mzee, yuko peke yake na mikorosho yake. Nimekubali kumwacha."

Maftaha akacheka. Kicheko kilikuwa kifupi na hakikuwa na furaha ndani yake.

"Unajua Mwalimu Mkuu ametupa karatasi za kuchagua shule?"

"Nimesikia mkizungumza."

"Kila mmoja anaandika shule tatu. Wote wameandika mjini. Veronika ameandika Lindi, Lindi, Lindi. Mimi niliandika moja. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini, akaniuliza kama nina homa, kwa nini nataka kwenda shambani ambako hakuna hata nyumba ya mwalimu. Nikamwambia nimeamua. Ijumaa akaitia sahihi."

"Wapi?"

"Rutamba."

Tawakali aliinua uso. "Rutamba kwetu?"

"Kuna Rutamba ngapi?"

"Kwa mama?"

"Nilifikiri," Maftaha alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyapa nafasi, "nilifikiri wewe utakuwa barabarani, mama yako yuko peke yake, nitakwenda mchana shule, jioni nipite kumsalimu. Anizoee kwanza. Nikizoeleka kule, hata baba akikataa mwaka huu, mwakani atasikia habari zangu njema. Nilitaka nikuambie leo. Nilikuwa nimekuwekea. Nikasema tukishinda kombe, nitamwambia siku ya pili yake."

Mtu yule mwenye mikono mikubwa aliweka mfuko chini, akaufunika uso kwa viganja. Maftaha aliona mabega yake yakitetemeka. Alitamani kunyoosha mkono amguse kisogoni, pale ambapo vumbi la barabara lilikuwa limegoma kutoka. Ulikuwa umbali wa hatua moja. Hakuweza kuinuka, na tena hakutaka bado.

"Nimeitoa Rutamba yako," alisema Tawakali kupitia viganja. "Nimeitoa bila kujua ni yangu pia."

"Hata kama isingekuwa yako, hukuwa na haki ya kuitoa."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo ili ninyamaze."

"Nasema ndiyo kwa sababu ni kweli."

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka upande wa mjini, na mlango wa bafu ukafunguka.

*

Mzee Fakihi aliporudi kutoka msikitini alimkuta Tawakali amesimama barazani, akimngoja. Maftaha alikuwa ameketi kizingitini, mguu umenyooshwa, na Bi Mwahija nyuma yake.

"Mzee wangu," Tawakali alisema, "naomba uketi kwanza."

"Sema tu."

"Ahadi niliyokupa mwezi wa nane, naomba uniachie. Nilikupa kitu kisicho changu. Kazi ya Maftaha ni yake, nami sikumuuliza. Siwezi kumwoa kwa ahadi ile."

Mzee Fakihi alimtazama muda mrefu.

"Ulinipa mkono nyumbani kwangu."

"Nilikupa."

"Nimesafiri siku mbili nikiwa na umri huu, nimelala juu ya magunia ya chumvi, kwa sababu ya mkono ule."

"Nisamehe, mzee."

"Basi posa haipo."

Sauti ya Tawakali ilipotoka ilikuwa ndogo. "Haipo, mzee."

Maftaha alilisikia neno lile likimpita kifuani. Alikuwa amemtaka aseme hivyo, na sasa alipokuwa amesema, dunia ilikuwa imebaki tupu. Alimtazama Tawakali naye akamtazama, na katika mtazamo ule hakukuwa na kioo cha lori wala vumbi wala wenzao wakiguna. Hawakuwahi kutazamana wazi namna ile mbele ya mtu mzima. Bi Mwahija aliwaona, akajongea mbele.

"Kaka," alisema, "mimi uliniuliza?"

"Nini tena, Mwahija?"

"Baba yetu alipofariki, wewe ulikuwa mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuja ukaniambia, umeolewa na mtu wa Lindi, Ijumaa unavushwa kwenda kwake. Uliniuliza?"

"Abilahi alikuwa mtu mwema!"

"Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Hakunipiga wala hakuninyima. Miaka ishirini na mbili nimekaa na mtu mwema, na mara nyingi nilikuwa nikichambua mchele najiuliza, kama Fakihi angeniuliza siku ile, ningesema nini? Pengine ningesema ndiyo. Lakini sijui mpaka leo, kaka. Nitakufa sijui."

Mzee Fakihi alijishusha kwenye kiti cha kamba kama mtu aliyeshushwa na wengine. Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo tena, akaivaa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Haya. Maftaha. Wewe unataka nini?"

Hilo swali alikuwa amelingoja maisha yake yote, na jibu lake alikuwa amelipanga mara nyingi: maneno ya heshima, hoja moja baada ya nyingine, shule, mshahara wa kuwasaidia wadogo zake, hadhi ya mwalimu. Alifungua kinywa. Hakuna hata moja lililokuja.

"Nataka kulala, baba," alisema.

"Kulala?"

"Nimecheza mechi kumi na moja. Nimefanya mtihani wa siku nne. Sijalala vizuri tangu mwezi wa nne. Nikijibu sasa nitajibu kwa hasira, na mimi sitaki kujibu kwa hasira. Naomba ruhusa nikalale. Nikiamka nitakuambia."

Mzee Fakihi akamtazama yule binti, goti lililovimba, midomo iliyopasuka kwa upepo wa barabarani. Kitu kilimlegea usoni.

"Nenda kalale," alisema.

*

Alilala usingizi usio na ndoto. Alipoamka, mwanga ulikuwa umehamia ukuta wa pili na nyumba ilikuwa kimya. Alijifunga kanga, akajitanda nyingine kichwani, akatoka akichechemea.

Barazani, kwenye mkeka mmoja, walikuwa wamelala wanaume wawili. Baba yake kaegemeza kichwa kwenye kapu la ukindu, kofia juu ya macho. Hatua moja kutoka kwake Tawakali alikuwa amelala chali, mikono juu ya kifua, viatu kando. Katikati yao kulikuwa na sahani moja ya maandazi, tupu.

Bi Mwahija alikuwa akipepeta mchele pembeni. "Alitaka kuondoka," alinong'ona, akimwonyesha Tawakali kwa kidevu. "Baba yako akamwambia, unakwenda wapi na macho hayo, utapindua lori uue watu. Keti ule. Wakala. Hawakusemezana neno. Wakaanguka."

Maftaha alisimama akiwatazama. Alikuwa bado na uchungu kwa wote wawili, na aliuona uchungu ule kuwa kitu cha kawaida, kama lile goti; ungepungua kwa siku zake. Chini ya uchungu kulikuwa na lile jingine, tulivu, ambalo halikuwa limeondoka hata alipolia uani.

Akajishusha taratibu kwenye ukingo wa baraza.

"Tawakali."

Akafumbua macho. Alipomwona, akainuka haraka, akakaa.

"Umepumzika?" Tawakali alimuuliza.

"Nimepumzika kidogo. Tawakali, sijakusamehe bado."

"Najua."

"Na Rutamba nakwenda. Nitafundisha. Watoto wa kike wakitaka netiboli, nitawachimbia nguzo mwenyewe."

"Nitakuletea nguzo," alisema, kisha akajikamata. "Ukitaka."

Maftaha alishindwa kuzuia tabasamu dogo. Alimtazama yule mtu, nywele zimebanwa upande mmoja na mkeka, akingoja bila kuthubutu kusema la pili.

"Posa umeirudisha," alisema. "Sasa hakuna ahadi ya mtu yeyote. Una neno la kuniambia mimi?"

Tawakali alitazama chini, akatazama barabara, akamtazama yeye.

"Maftaha. Unanitaka?"

"Nakutaka."

Pumzi ilimtoka Tawakali kana kwamba alikuwa ameizuia tangu Mingoyo.

"Lakini si mwaka huu," Maftaha aliendelea. "Mwaka huu nataka kuwa mwalimu na kulala. Nipe mwaka mmoja. Ukinipitia Rutamba, utanikuta kwa mama yako jioni, mlango wazi. Mwaka ukiisha, utamwuliza baba. Na kabla ya kumwuliza baba, utaniuliza mimi tena, maana naweza kuwa nimekuchoka."

"Nitakuuliza," alisema. "Hata kila mwezi nitakuuliza."

"Kila mwezi utanichosha."

Mzee Fakihi, kofia yake bado juu ya macho, akajigeuza polepole akaelekea ukutani.

"Mwaka mmoja," alisema kwa sauti nzito ya usingizi. "Nimesikia. Sasa pelekeni maneno yenu uani pamoja na Mwahija, niacheni nilale. Kesho nina safari ya siku mbili, na sina mtu wa kunishikia kapu."